Usifiche Jeraha la Huko Chini

(Mazungumzo haya yalifanyika Momela, mkoani Arusha, mbele ya wanafunzi wa sekondari wa kidato cha pili mpaka cha nne. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tumeondoa vicheko tu.)

 

Naona kule nyuma mmeshaanza kusukumana kwa sababu mmesoma kichwa cha habari ubaoni. Chekeni tu, nawapa dakika moja. Mimi pia nilipokuwa kidato cha pili, mtu akitaja korodani darasani tulikuwa tunaingiza vichwa chini ya dawati. Haya, dakika imekwisha. Leo nitataja uume, korodani, uke na msamba kwa majina yake, kama mwalimu wa baiolojia anavyotaja ini na figo. Msamba, kwa wasiojua, ni ile sehemu iliyo katikati, mbele ya njia ya haja kubwa.

Mimi ni mtoto wa upande huu huu wa mlima. Nikicheka mnaona meno yangu ni ya kahawia. Hiyo ni floridi ya maji yetu, sihitaji kuonyesha kitambulisho. Kwa hiyo msiniambie kwamba sijui maisha ya huku.

Nilipokuwa darasa la sita nilipanda mparachichi wa bibi. Tawi likakatika, nikaangukia nguzo ya uzio. Ilinichana kuanzia kwenye mkunjo wa paja, ikaingia pembeni mwa sehemu za siri. Damu ilitoka nyingi, halafu ikapungua. Nikachana kanga kuukuu, nikajifunga, nikaenda kuchota maji kama kawaida. Sikumwambia mtu kwa siku tatu.

Mnajua kwa nini? Nilikuwa nimesikia wakubwa wakiongea kwamba binti akitokwa damu huko kabla hajavunja ungo, basi kuna mwanaume amemharibu. Niliogopa watu watasema. Hivyo nikachagua maumivu.

Siku ya tatu nilikuwa nachemka homa na natembea kama bata. Bibi hakunihoji. Alisikia harufu, akafunga mlango, akasema, "Mjukuu wangu, lala hapa nione." Alipoona alinyamaza, akachukua pochi yake, tukaondoka. Kituo cha kwanza tulichofika sitakitaja. Mhudumu aliniuliza mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya mnadani, "Nani amekufanyia hivi?" Swali lenyewe ni la lazima, mhudumu wa afya anatakiwa aulize. Lakini linaulizwa ndani, mlango umefungwa. Mimi nililia mpaka tunafika hospitali kubwa.

Huko nilipewa nusukaputi, nikaoshwa kidonda, nyama iliyooza ikakatwa. Baada ya siku mbili wakarudia. Sasa pakabaki shimo ambalo ngozi ya pembeni haikuweza kulifunika. Daktari akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenileta hapa leo: "Ungekuja siku ile ile, tungekuosha na kukushona, basi."

Wakanifanyia upasuaji wa kuhamisha ngozi. Huo ndio ninaotaka kuwaeleza, maana watu wengi hawajui kama upo. Wanadhani ukiumia huko, aidha unapona wenyewe au ndiyo basi tena.

Wenye mashamba ya kahawa mnielewe haraka. Kuna namna mbili za kuotesha mahali pasipo na kitu. Unaweza kukata kikonyo, ukakichomeka kwenye udongo wenye rutuba ukiombea kishike. Au unachimbua mche na bonge lake la udongo, mizizi imo ndani, unaupeleka shimo jingine. Ngozi nayo iko hivyo. Namna ya kwanza inaitwa kupandikiza ngozi: daktari anachukua utando mwembamba, mara nyingi pajani, anaulaza juu ya kidonda. Utando ule hauna mshipa wake wa damu. Siku mbili za mwanzo unanyonya maji maji ya kidonda tu, kisha mishipa midogo inaanza kuunganika. Kidonda kikiwa kisafi na chekundu, unashika. Kikiwa na usaha, unakufa.

Namna ya pili ndiyo niliyofanyiwa mimi. Kipande cha ngozi kinanyanyuliwa pamoja na mafuta yaliyo chini yake, wakati mwingine hata na msuli, lakini hakikatwi chote. Upande mmoja unabaki umeshikana na mwili, na humo ndimo unapita mshipa wa damu unaokilisha. Kinazungushwa kama ukurasa wa daftari, kinalazwa juu ya shimo, kinashonwa. Kinakuja na chakula chake, hakiombi damu kwa jirani. Ndiyo maana kinafaa pale jeraha lilipo na kina, au pale ambapo kuna kitu cha thamani kimebaki wazi, kama korodani au njia ya mkojo.

Ufundi huu si mpya hata kidogo. Wahindi walikuwa wakitengeneza pua kwa ngozi ya uso zaidi ya miaka 2000 iliyopita, maana huko mtu aliweza kukatwa pua kama adhabu, ili aaibike daima. Kwa sehemu za siri, madaktari wana mashamba yao ya karibu. Kuna ngozi ya kinena, ambayo McGregor na Jackson waliieleza mwaka 1972. Kuna msuli mwembamba wa ndani ya paja, ambao ukiuchukua mtu hachechemei. Na kuna ngozi ya mkunjo wenyewe kati ya paja na sehemu za siri. Hii ilielezwa mwaka 1989 na madaktari wawili wa Singapore, Wee na Joseph. Uzuri wake ni kwamba inahama na mishipa ya fahamu, kwa hiyo mgonjwa anaendelea kuhisi anapoguswa, na kovu linajificha ndani ya mkunjo.

Baada ya hapo ndipo uvumilivu unapoanza. Unawekewa mpira wa mkojo. Huruhusiwi kukaa wala kulalia upande ule, miguu imetenganishwa. Muuguzi anakuja mchana na usiku, anabonyeza ngozi ile kwa kidole na kuangalia rangi. Ikiwa nyeupe kama karatasi, damu haiingii. Ikiwa ya bluu, damu inaingia lakini haitoki. Hapo mgonjwa anaweza kurudishwa chumba cha upasuaji usiku huo huo. Na nyie mnaojificha nyuma ya vyoo na sigara, sikilizeni: nikotini inabana mishipa midogo ya damu. Daktari anaweza kufanya kazi nzuri saa nne nzima, halafu sigara zikaua ngozi yote.

Sasa wavulana. Mlidhani leo ni habari za wasichana?

Msimu wa mahindi mashine za kupukuchulia zinazunguka huku, shafti inayotoka kwenye trekta haina kifuniko, na kijana amevaa suruali pana au shuka. Nguo ikishikwa, inajisokota, inavuta na ngozi iliyo chini yake. Ngozi ya uume na ya pumbu imeshikana na mwili kwa ulegevu sana, ndiyo maana inavuka kama soksi. Ni jambo la kutisha kuliona. Lakini shikeni hili: mara nyingi korodani zenyewe zinabaki nzima, kwa sababu damu yake inatoka juu, tumboni, kwa kamba yake yenyewe. Kilichopotea ni mfuko.

Na mfuko unatengenezwa. Ngozi ya pumbu inavutika kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili, hata ikibaki nusu daktari anaweza kuishona ikafunika zote mbili. Isipobaki, korodani zinaweza kuhifadhiwa kwa muda kwenye vifuko chini ya ngozi ya mapaja, huku kidonda kikisafishwa. Halafu unaundwa mfuko mwingine kwa ngozi iliyopandikizwa au iliyohamishwa. Mbona zisiachwe tumboni tu, aliniuliza kijana mmoja huko Leguruki. Kwa sababu korodani zinataka ubaridi, nyuzi joto mbili mpaka nne chini ya joto la mwili, ndipo zitengeneze mbegu vizuri.

Ajali nyingine mnazijua. Bodaboda, dereva anarushwa mbele na tangi la mafuta linampiga katikati. Baiskeli iliyokatika kanyagio. Mbwa. Na nyati, maana sisi tunaishi na hifadhi mlangoni. Pembe ya nyati inatoka chini kwenda juu, kwa hiyo inaingia pajani au kwenye kinena. Kidonda cha pembe kinadanganya: nje ni tundu dogo, ndani kimechana mbali na kimeingiza uchafu. Wageni wanajua Momela kwa twiga na heroe na ile filamu ya *Hatari!* ya mwaka 1962. Wakata kuni wanaijua kwa nyati.

Kwa hiyo ukiumia, au mwenzako akiumia, fanya nini? Damu inatoka: chukua kitambaa kisafi, bonyeza, usiachie kila dakika kuchungulia. Usipake majivu, udongo, mafuta ya taa, dawa ya meno wala oili ya pikipiki. Ndiyo, oili, nimeiona kwa macho yangu. Kama kuna kitu kimechoma na kimebaki ndani, usikichomoe, huenda ndicho kinachoziba mshipa. Ngozi inayoning'inia usiikate, hata kama ni nyeusi kwa vumbi. Irudishe mahali pake taratibu, funika. Daktari anaweza kuitumia.

Kama kipande kimekatika kabisa, kitafuteni. Kisuuzeni kwa maji safi, mkifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, mkiingize kwenye mfuko wa plastiki usiovuja. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2019 lakini ule uliofungia mkate mnao. Kisha mfuko huo uingie kwenye chombo chenye maji ya baridi na barafu, kama ipo. Barafu isiguse nyama moja kwa moja, inaiunguza. Na kimbieni, saa sita za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa.

Ukiona damu kwenye tundu la mkojo, au mkojo unakataa kutoka baada ya kugongwa, usijikamue. Njia ya mkojo inaweza kuwa imechanika. Usile wala kunywa, huenda utahitaji nusukaputi. Na kila kidonda cha namna hii kinahitaji sindano ya pepopunda.

Kutoka hapa mpaka Usa River mnakujua kulivyo, hasa mvua ikinyesha. Ndiyo maana nasema usisubiri kesho. Hospitali ya Mount Meru iko Arusha mjini. KCMC iko Moshi, inafanya kazi tangu mwaka 1971 na ina madaktari bingwa wa njia ya mkojo na sehemu za uzazi za wanaume. Hapo hapo Arusha ndipo yalipo makao makuu ya COSECSA, chuo kilichoanzishwa mwaka 1999 kinachosimamia mafunzo na mitihani ya madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Nalisema hili kwa wale wa mchepuo wa sayansi. Huwezi kujua.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Lile shirika la AMREF, la madaktari wa ndege, lilianzishwa mwaka 1957, na wazo lake lilizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ule mlima mnaouona asubuhi mkienda mstarini. Walioanzisha walikuwa watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kazi yao ilikuwa hii hii ninayoieleza.

McIndoe alikuwa ametibu marubani walioungua nyuso na mikono katika Vita vya Pili vya Dunia, kwenye mji mdogo wa Uingereza unaoitwa East Grinstead. Kulikuwa na vijana wasio na pua, wasio na kope. Aliona kwamba kisu peke yake hakitoshi. Akawaomba watu wa mji wawakaribishe vijana wale majumbani na kwenye baa, wawaangalie usoni kama watu wengine, wasiwakodolee macho. Mji ukakubali. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaunda klabu yao, wakaiita Guinea Pig Club, yaani wao ndio wale panya wa majaribio, wakawa wanajitania wenyewe. Nikilinganisha na shule zetu nasikia aibu. Kijana anarudi baada ya mwezi mmoja hospitalini anakuta ameshapewa jina. Nimekutana na mmoja aliyeacha shule kidato cha tatu. Kidonda kilikuwa kimepona kabisa. Kilichomshinda ni jina.

Sasa nasema kitu kizito, na hapa sitaki kicheko. Si kila jeraha la huko ni ajali. Kuna wanaobakwa, wasichana na wavulana. Kule Bukavu, mashariki mwa Kongo, Daktari Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 akitaka kuzalisha akina mama. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi sehemu za siri na mapajani. Tangu hapo hospitali ile imeshona na kutengeneza upya maelfu ya wanawake na watoto walioumizwa vitani. Mwaka 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, akanusurika. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Watu wa Bukavu wanaongea Kiswahili kama sisi, msidhani ni mbali.

Ikikutokea hapa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ni bora. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ni ndani ya siku tano. Usioge kwanza, usifue nguo. Fomu ya polisi, PF3, ipo na ni muhimu kwa kesi, lakini anayetokwa damu apelekwe kutibiwa kwanza. Simu namba 116 ni ya bure, ni ya watoto, piga. Na ukeketaji nao ni jeraha, tusilizungumzie kwa kuzunguka. Kwa binti aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998, hata kama shangazi ndiye anashika wembe.

Karatasi zenu nimezikusanya. Nyingi zinauliza kitu kimoja, nitazisoma chache.

"Dada, mtu akikatika uume kabisa ndiyo mwisho wake?" Hapana. Ukiletwa mapema unaweza kuunganishwa, mishipa ya damu inashonwa chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ukipotea, unaweza kutengenezwa mwingine kwa ngozi ya mkono au ya kinena. Na tarehe 11 Desemba 2014, hospitali ya Tygerberg huko Cape Town, Daktari André van der Merwe na wenzake walimpandikizia kijana wa miaka 21 uume wa mtu aliyefariki. Upasuaji ulichukua saa tisa. Kijana yule alikuwa amepoteza wa kwake baada ya jando lililokwenda vibaya. Wanaosubiri jando mwezi wa kumi na mbili, mwambieni baba mnataka mhudumu aliyesomea na vifaa vilivyochemshwa. Jando linabaki jando.

"Korodani ikibaki moja, mtu anazaa?" Mara nyingi anazaa, na ndevu anaota. Moja inatosha kufanya kazi ya mbili ikiwa nzima.

"Msichana aliyeumia kama wewe, bado ni bikira?" Nilijua hili litakuja. Kuanguka kutoka kwenye mti ni kuanguka kutoka kwenye mti. Hakuna daktari anayeweza kukutazama akajua historia yako ya mapenzi, na anayekwambia anaweza anakudanganya. Mwenzenu nimeishi miaka mitatu nikiogopa swali hili, kumbe halikuwa na maana.

Ya mwisho, haina jina, mwandiko mdogo sana: "Dada, kovu lako bado linauma?" Haliumi. Asubuhi za baridi, mwezi wa saba, linakaza kidogo nikipanda bodaboda, natafuta namna ya kukaa. Ngozi ile ina kipele kimoja cha utotoni kilichokuwa pajani, sasa kimehamia jirani. Wewe uliyeandika, nipo chini ya mwarobaini karibu na ofisi ya matroni mpaka saa kumi. Njoo peke yako au na rafiki yako, mlango hauna foleni.